Nilimfungia mwalimu mstaafu aliyekuwa akikaa kompyuta ya jirani na yangu

Wakuu, habari za muda huu. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Majina tu ndiyo nimebadili. Siandiki ili nionewe huruma, na mkimaliza kusoma mtaona kwa nini.

Kuna swali lilininyima usingizi siku nne mfululizo: mtu amefungiwa mtandaoni kwa ushahidi ulioutoa wewe, halafu unagundua ushahidi ule ule unakugusa na wewe. Unasema au unanyamaza?

Kama unaona ni swali jepesi, endelea kusoma.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanauzwa, kampuni za simu zinaingia kila kukicha, na serikali ambayo wazazi wetu walituahidi itatuajiri ilikuwa inapunguza watu. Nina digrii ya historia, nakaa kwa shangazi, mtaa wa Miyuji. Kila asubuhi ananiuliza, "Leo unaelekea wapi?" Najibu, "Mjini." Haulizi zaidi, na huko kutouliza ndiko kulikoniuma.

Mjini maana yake ilikuwa intaneti kafe moja nyuma ya soko. Kompyuta sita, mhudumu dada mmoja, Neema. Mimi nilikuwa mtu wa mashine namba tatu.

Hapo ndipo nilipojiunga na ensaiklopidia ya mtandaoni, ya aina ile ambayo yeyote anaandika na yeyote anamrekebisha, bila malipo. Upande wa Kiswahili tulikuwa wachache sana. Baada ya miezi kadhaa nikapigiwa kura kuwa admin, yaani mwenye uwezo wa kufuta makala na kuwafungia watu wasiandike au kuwafungulia. Nilipata kura sita. Nilifurahi kama mtu aliyepata kazi, nikaandika kwenye CV.

Nilikuwa mkali. Ukweli ni kwamba nilikuwa mkali kwa sababu ya woga. Niliwaza kwamba wasomi walioko nje watafungua kurasa zetu waseme hawa wanaandika porojo. Basi kila sentensi nikadai chanzo.

Siku moja akaja mwandishi anayejiita Mwalimu_K. Aliandika makala ndefu kuhusu miaka ya njaa huko milimani Kibakwe. Watu walikula nini, nani alihama, nani alizikwa wapi. Kulikuwa na mama aliyechemsha ngozi ya kulalia akawanywesha watoto ule mchuzi. Mwishoni, mahali pa vyanzo, hakuweka kitabu hata kimoja. Aliweka majina ya wazee kumi na saba, na kijiji cha kila mmoja.

Nikafuta robo tatu ya makala. Nikaandika sababu: "Hakuna chanzo kilichochapishwa."

Akairudisha. Nikafuta tena. Akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa Kiswahili cha darasani kabisa: "Ndugu, wazee hawa nimekaa nao mmoja mmoja. Ukitaka nitakupeleka."

Nikamjibu kwamba kanuni haziruhusu. Kanuni nilizijua kwa namba zake.

Ndipo akatokea mwingine, Zuhura_Mjini. Akaandika: "Aliyoandika Mwalimu ni kweli. Duka la babu yangu hapa mjini mwaka ule lilikuwa na mtama ndani na kufuli nje. Bibi alitusimulia huku ameinamisha uso."

Mimi ninayewaza kila kitu mara tatu, hapo nikawaza jambo moja tu: akaunti mpya, inamtetea yule yule, kwenye makala ile ile. Mtu mmoja huyu, anajifanya wawili.

Sikujiuliza kwa nini mtu abuni akaunti ya uongo ili aje aaibishe ukoo wake mwenyewe.

Nikapeleka mashtaka kwa mkubwa wetu, Mtanzania aliyekuwa akiishi Ulaya, anayejiita Kigingi. Yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuona namba za mtandao (IP) za waandishi, zinazoonyesha mtu anaandikia kutoka wapi. Hazikupita saa mbili akajibu: namba ni moja. Wote wawili wakafungiwa moja kwa moja, na makala ikawekewa tangazo kwamba itafutwa baada ya siku saba. Ndiyo ilikuwa kanuni kwa kazi ya mtu mwenye akaunti bandia.

Kigingi akaniandikia faragha kunipongeza, akanitajia na hiyo namba. Akanikumbusha pia kwamba barua aliyoniahidi, ya kuniombea nafasi ya masomo huko aliko alikuwa ameanza kuiandika.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo.

Mashine namba nne, jirani yangu, alikuwa akikaa mzee mmoja aliyekuwa akija kila siku kutoka Ihumwa, alikokuwa akiishi. Mwembamba, koti la miaka mingi, anachapa kwa kidole kimoja. Kila siku shikamoo, marahaba, basi. Wiki chache kabla ya mambo haya aliniinamia akauliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Mtu akikwambia lete chanzo, hasa anataka nini?"

Nikamwambia, "Kitabu, mzee."

"Na kama hicho kitabu hakijaandikwa?"

"Basi mzee kaandike wewe." Nikacheka. Naye akacheka.

Nilidhani ana kesi ya kiwanja.

Siku mbili baada ya hukumu nikamsikia anamwita Neema. "Binti, njoo unisomee. Hapa wanasema nimefungiwa kwa sababu mimi ni mtu mwingine."

Neema akasoma. "Wanasema wewe ni Zuhura, Mwalimu."

"Zuhura ndiye nani?"

"Namjua mmoja tu, wa duka la vitambaa hapo mbele. Huwa anakuja mchana anakaa namba sita. Lakini Mwalimu, wewe na Zuhura hamfanani hata kidogo."

Watu wakacheka. Mimi niligeukia mashine yangu.

Nikakumbuka kwamba siku zangu za kwanza niliwahi kuhariri makala nikasahau kuingia kwenye akaunti. Ukifanya hivyo, mahali pa jina inabaki namba yako ya mtandao, na kila mtu anaiona. Nikaitafuta. Nikailinganisha na ile aliyonitajia Kigingi.

Ilikuwa ile ile. Kafe nzima, mashine zote sita, ilikuwa inatoka nje kwa namba moja. Hakuna aliyefikiria kuangalia namba ya mshtaki.

Hapo ndipo zilipoanza zile siku nne. Nikisema, naonekana mjinga, au mbaya zaidi, wanasema wote watatu ni mimi. Barua inakufa. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nikaandika ujumbe kwa Kigingi, nikaufuta. Nikauandika upya kwa Kiingereza, nikaona kwa Kiingereza naonekana nina hatia zaidi. Mwishowe nikautuma.

Jibu lake nalikumbuka: "Mdogo wangu, kesi imefungwa. Na hata wangekuwa watu mia, makala haina chanzo. Usijiharibie."

Kilichonichoma ni kwamba hayo yalikuwa maneno yangu. Mimi ndiye niliyemzoesha kunijibu hivyo.

Siku ya saba nilifika kafe mapema. Nikamwomba Neema achapishe makala nzima kama ilivyokuwa kabla sijaigusa. Kisha nikawafungulia wote wawili, nikairudisha makala, na kwenye ukurasa wa mashauri nikaandika kwa jina langu: "Namba mliyowafungia nayo ni yangu pia. Ni ya kafe. Hawa ni watu wawili, nawaona kwa macho, na mmoja nakaa naye jirani. Kosa ni langu." Chini yake nikaandika kwamba najiuzulu.

Mzee alipofika nikasimama. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umesimama?"

"Yule aliyekuwa anakudai chanzo ni mimi."

"Kwa hiyo siku ile nilikuuliza wewe habari zako wewe."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na ukanijibu kwa adabu kabisa."

Nikampa zile karatasi. Akazipokea, akaenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho kwenye yale majina, akaomba kalamu kwa Neema. Akaweka alama majina mawili. "Huyu tulimzika mwezi uliopita. Na huyu. Hawa hata ukitaka kuwauliza, umechelewa." Akakunja karatasi, akaziweka ndani ya koti, akatoka. Namba nne sikumwona tena.

Kesho yake Kigingi alikuwa ameshafuta makala na kutufungia upya, safari hii watatu. Mpaka leo kule imeandikwa kwamba mimi, mwalimu aliyeandika ya Kibakwe na Zuhura wa duka la vitambaa ni mtu mmoja. Barua haikuja.

Nilikwenda dukani kumwomba radhi Zuhura. Alikuwa anapima kitambaa, hakuacha kupima. "Mimi nimetoa aibu ya babu yangu hadharani, jambo ambalo nyumbani hatulisemi. Ninyi mkasema mimi ni mzee wa Kibakwe. Haya, karibu dukani."

Nilichojifunza ni kidogo. Kanuni ya chanzo bado naiona ni nzuri, bila hiyo kila mtu ataandika anachotaka. Lakini mimi sikuwa nailinda kanuni. Nilikuwa nalinda kura zangu sita. Mzee alisema "nitakupeleka", na mimi, mtu wa historia, nilikaa mita moja kutoka kwake nikamjibu kwa namba ya kanuni.

Wenye uzoefu wa mambo haya naomba maoni: ungekuwa wewe, ungeyapokeaje yale majina kumi na saba? Matusi pia nitayasoma.

Jambo moja tu. Nimemtumia Zuhura uzi huu, na ana akaunti humu. Akiandika chochote hapo chini, tafadhali msiseme ni mimi.