Siku Kumi za Kumtazama Mbwa

Nilifika Kasongo kwa njia ya kuchosha. Kutoka Albertville hadi Kabalo nilikaa juu ya sanduku langu la bati, katika behewa la watu weusi. Toka Kabalo meli inayoendeshwa kwa moto wa kuni ilitushusha hadi Kongolo, na kule nikapanda treni nyingine mpaka Samba. Kisha lori la pamba, mtumbwi wa kuvuka mto Lualaba, na mwendo mrefu wa miguu kati ya michikichi. Nilikuwa kijana mwenye elimu ya sekondari, nimepata ukarani katika ghala la pamba, na nilikusudia kukaa msimu mmoja tu. Sikuwahi kupenda mahali kwa muda mrefu.

Nilipanga chumba kwa mjane mmoja Mwislamu karibu na soko. Nilimwita Mama, naye aliniita mwanangu hata kabla ya kuniuliza kwetu ni wapi. Uani kwake hata kuku walifukuzwa, wasije wakachafua mahali pa kuswalia.

Siku moja ya soko mwindaji mmoja wa kabila la Wabangubangu alikuja kutoka upande wa Kabambare kuuza nyama kavu. Mbwa wake alikuwa mdogo, mwekundu, mkia umejikunja. Mbwa wa kule hawabweki. Wanavishwa kengele ya mbao shingoni ili mwindaji ajue walipo porini, na wakiingia mjini kengele inazibwa kwa majani. Kwa hiyo sikusikia kitu. Nilirudi nyuma kumpisha mwenye baiskeli, nikamkanyaga, akaniuma shavu la mguu.

Mwindaji alisikitika kweli. Alikata manyoya ya mbwa wake, akaomba moto ayachome anipake majivu kwenye kidonda. Ndiyo dawa yao. Kisha akamshika mbwa shingo, kisu mkononi.

"Amemwaga damu ya mutu," alisema. "Wa hivyo hatumufugi tena."

Mama alikuwa ameshafika na ndoo. "Weka kisu chako. Na majivu yako pelekea bibi yako."

Kwa Waislamu mate ya mbwa ni najisi, na hayaoshwi kwa haraka. Aliniosha kwa sabuni, akamwaga maji, akaanza upya, tena na tena.

"Inatosha, Mama."

"Nani amekuuliza? Leta mguu."

Mwuguzi wa dispensari alikisifu kidonda kwa usafi wake, akakiacha bila kukishona. Alisema mbwa asiuawe: afungwe, ale, anywe, atazamwe siku kumi. Akibaki mzima, hakuwa na kichaa siku aliyouma. Akianza kutokwa udenda au kuyumba, nisafiri siku ile ile kutafuta sindano, maana Kasongo hazikuwepo. (Aliye karibu na sindano asingoje kama nilivyongoja mimi.) Nilijua alichoacha kusema: ugonjwa ule ukishaanza, haumwachi mtu.

Mwindaji hakuwa na nyumba mjini. Tulisimama tukitazamana, mbwa katikati.

"Afungwe kwangu," Mama alisema.

"Si umeniambia malaika hawaingii nyumba yenye mbwa?" nilimuuliza.

"Malaika wako na akili. Watangoja barabarani kidogo."

Mbwa alifungwa nyuma ya jiko. Kabla ya kuondoka, mwindaji aliombwa atoe majani kwenye kengele, ili Mama akiwa ndani asikie kama mgonjwa bado anatembea. Chakula Mama alimsukumia kwa mwiko mrefu, uso ameugeuza. Jirani yake alimcheka kupitia ua: "Dada, umepata bwana, tena hana maneno."

"Huyu anamaliza chakula, hasemi chumvi imepungua," Mama akajibu.

Lakini asubuhi moja kengele ilikaa kimya. Mbwa alikuwa amelala, kichwa juu ya miguu, na bugali ya jana na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, viko pale pale. Nilimwita Mama. Aliingia jikoni, akatoka na samaki aliyejiwekea mwenyewe, akamsukumia. Mbwa alinusa. Alisimama, akala mpaka miiba, akanywa maji yote.

"Mwizi huyu," Mama alisema, "alikuwa anangoja samaki." Akajifunika uso kwa ncha ya kitambaa chake, na mkono wake mwingine ukaja ukakaa juu ya kichwa changu.

Siku ya kumi ilipita. Mwindaji alikuja kumchukua mbwa wake, akashukuru, na Mama akaosha ua wote kwa maji na udongo.

Msimu wa pamba ulipoisha nilimwambia nakwenda. Alinisindikiza hadi kwenye lori. Aliniomba nipandishe suruali, akalitazama kovu, akalipapasa kwa kidole gumba.

"Huko unakokwenda," alisema, "nani atakutazama siku kumi?"

Dereva alipiga honi, nikapanda juu ya magunia. Sikurudi tena Kasongo.