Ng'ombe wa Harusi ya Kirimi

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana niliyoyaona niliyaona mchana, jua likiwaka, na sikuwa nimeonja kitu chochote. Mizuka ya watu wengine hutoka usiku. Wa kwetu haukungoja giza.

Kwetu ni chini ya Muthara, kule nchi inapoanza kukauka. Baba yangu alifuga Ankole, wale ng'ombe wa pembe ndefu, na alizipenda zile pembe kuliko alivyotupenda sisi. Watu walisimamisha magari kupiga picha, naye akisimama katikati yao amevaa koti. Lakini kazi ilikuwa ya kaka yangu Kirimi. Ndiye aliyemlea ndama wetu Kendi kwa chupa baada ya ng'ombe aliyemzaa kufa. Kendi akakua mpole ajabu, akawa ndiye anayetangulia kundi. Akienda Kendi, wote wanaenda. Kirimi alikuwa na tabia ya kumshika pembe zote mbili na kuweka kidevu chake kwenye paji lake, wakatulia hivyo kama watu wanaosali.

Baba alimwahidi Kirimi ng'ombe wa mahari. Mwaka ukapita, na mwingine. Kila akikumbushwa anasema ngoja mvua inyeshe, ngoja ndama wakue. Mchumba wake akachoka, akaolewa na mwingine huko Karurumo. Kirimi akaenda Maua kupakia miraa, na pikapu iliyokuwa ikikimbiza mzigo Nairobi ikapinduka naye. Tulimzika bila mke wala mtoto. Hata siku ya mazishi baba hakukubali kuchinja ng'ombe mmoja. Waombolezaji walikula maharagwe.

Tangu siku hiyo Kendi hakukubali mtu yeyote amguse pembe, hata mimi dada yake Kirimi.

Sasa nisikilize. Siku moja nilikuwa peke yangu na ng'ombe kwenye bwawa. Akatokea mwanamume mwenye uso nisioujua kabisa, anatembea miguu mitupu juu ya miiba. Nikamuuliza yeye ni wa kwa nani. Kendi aliacha maji, akamwendea, akainamisha kichwa. Yule mtu akamshika pembe zote mbili, akaweka kidevu kwenye paji lake. Unafikiri nilihisi nini? Nililia kabla sijaogopa.

Kisha akanigeukia, na sauti ilikuwa ya Kirimi.

"Mwambie mzee nimechukua ng'ombe wa harusi yangu."

Akatangulia, Kendi akamfuata, na kundi zima likamfuata Kendi. Niamini au usiniamini: ng'ombe walitimua vumbi, lakini nyayo zake yeye hazikutimua hata chembe. Jioni mimi na majirani tulifuata alama za kwato mpaka katikati ya mbuga. Hapo zikaisha.

Nilimweleza baba yote, pamoja na ule ujumbe. Majirani walisema ni wezi wa mifugo. Baba akasema ni mimi, kwamba nimewauza nikisaidiana na mwanamume wangu. Mwanamume gani? Alinifukuza mbele ya watu. Leo nafunga miraa kwa majani ya migomba hapa Maua, palepale alipokuwa akipakia kaka yangu, na nyumbani bado naitwa mwizi. Sijasamehe, na sijaombwa msamaha.

Mwezi uliopita baba alikuja. Amezeeka ghafla. Nilidhani ameleta neno la kunisafisha. Aliketi juu ya kreti, akauliza jambo moja tu.

"Mwanangu alikuwa amekonda?"

Kumbe aliniamini tangu siku ile ile, akaacha niitwe mwizi kwa kuwa aibu yangu ilikuwa nyepesi kuliko yake. Nilimwambia atamuuliza mwenyewe wakionana. Akaondoka bila kuaga.

Nawe, kama umemwahidi mwanao kitu, mpe akiwa bado ana mdomo wa kukushukuru. Akirudi kujichukulia mwenyewe, hakuachii hata ndama.