Chupa Kumi na Moja Dirishani

Mama yangu, kule Pugu, alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi aliyoitundika juu ya nguzo ya jikoni, mikono yetu isiifikie. Masika yakikaza na nazi zikaadimika, ndipo aliishusha, akatia matone mawili kwenye mchicha, nasi tukajiona watu. Siku moja niliivunja nikitaka kulamba. Hakunipiga; alikaa tu akautazama udongo ukinywa. Mnivumilie wasomaji wangu, kichwa cha uzee huzunguka. Chupa ile imenirudia tangu juzi, nilipoambiwa msikitini kwamba mpangaji mwenzangu wa zamani hapa Tandale amefariki Temeke kwa binti yake, na wameshamzika.

Alikuwaga mfagizi kwenye maabara ya mambo ya bahari, na kwa kufagia polepole akajua mengi kuliko mie niliyeishia darasa la nne. Alipostaafu akashona wavu wa kitambaa cha shela, akawa anauburuta baharini kila mwezi, maji kiunoni, na kurudi na chupa moja. Huitia dawa isioze, akaandika mwezi, akaipanga dirishani. Maji yake yalikuwa mazito, nikawa namtania kwamba anafuga uji. Ndipo akaniwekea tone chini ya kioo cha kukuzia. Nikaona kidudu cheupe, mwili unapitisha mwanga, na ndani yake kitone kinang'aa.

"Hayo mafuta, braza," akaniambia. "Kidudu kimekula kimmea, kimmea kimekula jua. Hiyo ndiyo akiba yake. Dagaa anaila, na wewe unamla dagaa."

Wataalamu huviita planktoni. Akanieleza kwamba vile vimmea huvuta moshi wa magari na mikaa yetu, na baadhi vikifa huzama nao chini kabisa ya bahari. Bila hivyo joto hili lingezidi. Alitaka kujua jambo moja tu: maji yakipata moto, kile kitone kinapungua? Chupa kumi na moja zilishajaa. Ilibaki moja mwaka utimie.

Sasa, kwetu maji ya bahari kwenye chupa yana maana yake ya uchawi, nanyi mnaijua. Mama mmoja wa nyumba ile maandazi yake yalikuwa yanadoda, akanijia mbele ya wapangaji wote: "Babu, wewe ndiye mkubwa hapa. Zile chupa zinanifunga." Nami nilijua ni nini. Nilikiona kile kitone kwa macho yangu. Lakini niliogopa kuitwa mshirika wa yule mwenye chupa. Nikasoma bismillahi, nikazimwaga mtaroni zote. Kesho yake maandazi yakadoda vilevile.

Wahenga wanasema akiba haiozi. Kweli haiozi, ila humwagwa, na mara nyingi si na mjinga. Humwagwa na yule anayejua thamani yake akanyamaza kwa kuogopa watu.

Jioni ileile ya kumwaga, mwenyewe alirudi na chupa ya kumi na mbili, suruali imelowa, akasimama mbele ya dirisha. Nikamwambia ni mie.

"Hata ya mwezi wa saba, maji yalipokuwa baridi?"

Nikasema hata hiyo. Akaiweka ya kumi na mbili mikononi mwangu, taratibu, akahakikisha nimeishika. Kisha akautupia wavu wake begani, akatoka uani, akafuata njia ya sokoni. Hakurudi, hata kuchukua mkeka wake.