Siku Niliyoachia Breki

Nakumbuka Jumamosi moja pale Sikonge, mwanangu, miezi michache baada ya kuolewa, Mwingereza bado anatutawala. Hivi unavyoniona na mkongojo wangu, siku hiyo nilikuwa fundi wa gari. Cheka tu, meno ni yako!

Mume wangu Yohana alikuwa amenunua gari kuukuu kwa mkulima mmoja wa tumbaku. Mipira ya breki, ile inayopeleka maji ya breki kwenye magurudumu, ilikuwa imepasukapasuka kama kisigino cha mwenda pekupeku. Akapata mipya Tabora mjini, na kopo moja la maji ya breki. Jumapili yake tulikuwa tumpeleke dada yake, wifi yangu Magdalena, hospitali huko huko Tabora. Uzazi wa kwanza nusura umuue, na mimba hii ya pili ilikuwa imefika mwezi wake.

Yohana akaifunga mipira yote pale uani. Ikabaki kutoa upepo ulioingia ndani ya mipira, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Yeye chini ya gari na spana, mimi kwenye usukani. Akisema "Kanyaga!" nakanyaga pedeli. "Shikilia!" nashikilia, yeye anafungua nati, upepo unatoka, anafunga. Nikiachia pedeli nati ikiwa wazi, upepo unarudi ndani, na breki haishiki.

Tulikuwa gurudumu la mwisho, nimeshikilia, baba mkwe akaingia uani. Loo! Mkamwana wa Kinyamwezi akae kitini, baba mkwe amesimama? Niliruka chini nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikarudi mbio. Yohana alikuwa upande wa pili, hakuniona. "Umeachia?" akauliza.

"Hapana." Niliona aibu, mzee asije akasema mwanawe kaoa mzembe. Nilipokanyaga tena, pedeli ikazama laini kama unga wa kukanda.

"Imekaza?"

"Imekaza." Uongo wa pili huo. Naye akaniamini, akaenda kunawa.

Jioni Magdalena akaja na kifurushi cha nguo za mtoto, akakiweka kiti cha nyuma, akanishika mkono. "Wifi, umenitengenezea gari. Siogopi tena."

Nilijichukia, mwanangu. Nikasema mbele ya wote: "Gari hili haliendi popote. Niliachia."

Yohana akawaka. "Na maji ya breki yamebaki robo kopo!"

Baba mkwe akamnyamazisha, akanigeukia. "Ulishuka kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Salamu haiozi, mwanangu. Ningeipokea hata kesho. Lakini huyu," akamnyooshea Magdalena kidole, "ningemzika, na hiyo heshima yako ningeipeleka wapi?"

Nililia, ndiyo. Kisha nikajifuta kwa ncha ya khanga, nikapanda. "Robo itatosha," nikamwambia Yohana. "Ingia chini."

Tukarudia. Majirani walipita wakisalimu, nikawajibu nimekaa, paja linawaka moto. Hata baba mkwe, mzee yule mtundu, alikuja kukohoa kwa makusudi karibu na sikio langu. Sikuinuka. Alicheka mpaka akashika kiuno. Pedeli ikakaza kwelikweli. Safari hii Yohana alipanda akaijaribu mwenyewe, hakuniuliza.

Asubuhi, kwenye mteremko wa kuingia darajani, ng'ombe wakavuka ghafla. Yohana akakanyaga. Gari likasimama, Magdalena amekumbatia tumbo lake. Alijifungua siku ya tatu, mama na mtoto wazima.

Sasa nisikilize. Wakubwa uwaheshimu, uwapigie magoti, sikukatazi. Ila ukiwa umeshikilia uhai wa mtu, usiachie kwa kuogopa watu watasema nini. Na ukishateleza, sema hapo hapo. Mficha uchi hazai. Mimi nilikaa na uongo wangu tangu mchana mpaka jioni, na lau Magdalena asingekuja na kile kifurushi, sijui kama ningefungua mdomo. Hilo linanitisha hadi leo kuliko wale ng'ombe.

Mungu akupe moyo wa kusema mapema, mwanangu, na wote utakaowapakia awafikishe salama.