Mashine ya Upepo Iliyopakwa Rangi

Cheo cha ofisa usalama nilikipata kwa sababu ya mwandiko. Nilikuwa karani wa gereji moja ya Manyamanyama, pale Bunda, kazi yangu kuandika magari yanayoingia na yanayotoka. Bosi wetu alikwenda semina ya siku moja Musoma, akarudi na kofia mpya na cheti, akatukusanya na kutangaza kwamba gereji yake sasa ni ya kisasa. Halafu akanitazama.

"Wewe binti unaandika vizuri," akasema. "Usalama utakuwa wako."

Sikufundishwa kitu. Nilipewa brashi na vibao, nikaandika. Ndani ya wiki mbili hakukuwa na ukuta usiotoa amri. Kilichonisumbua ni kona ya nyuma, ilipokaa kompresa, ile mashine ya upepo wa kupulizia rangi. Mafundi waliweka hapo makopo ya tina ya kuyeyushia rangi na matambara yenye mafuta, kwa kuwa ndiyo kona pekee isiyovuja mvua. Nilimwambia bosi vitu hivyo vihamishwe. Akaniambia niandike kibao.

Tukasikia mkaguzi anakuja. Bosi akaamuru kila kitu kipakwe rangi. Kompresa ilipakwa nyekundu kuanzia magurudumu hadi juu ya tangi, pamoja na valvu ya usalama, kile kidude kinachotakiwa kufunguka chenyewe upepo ukizidi. Fundi rangi aliipitishia rangi mikono mitatu, maana ilikuwa na kutu na ingetuaibisha. Mimi nikashika fomu ya ukaguzi wa ndani. Palipoandikwa valvu ya usalama, nikajaza: nzuri. Na kweli ilipendeza. Nikatia sahihi.

Siku ya mkaguzi bosi alikwenda stendi kumpokea. Sisi tulibaki tumevaa maovaroli mapya, tumeagizwa tusishike kitu kinachochafua. Fundi rangi peke yake ndiye aliyekuwa akimalizia mlango wa gari moja. Mama anayeuza uji nje ya geti akaingia, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akanifuata mezani.

"Mwanangu, mashine yenu leo haijapumzika," akasema. "Siku zote inapumzikaga."

Nilitaka kumwambia tuna mgeni. Nikasikiliza, nikatambua kwamba kweli ngurumo haijakatika tangu asubuhi. Nilipofika kona ile, mshale wa kipimo ulikuwa umeshapita alama nyekundu, na mota ilikuwa ya moto hadi hewa ya juu yake inacheza. Fundi rangi akauliza mbona valvu haitoi upepo. Wote wawili tuliitazama. Rangi ilikuwa imeifunga kabisa kama ganda la yai, pamoja na ile swichi ndogo inayoizima mashine tangi likijaa.

Swichi kubwa ya umeme ilikuwa ukutani, nyuma ya kibao changu kikubwa kuliko vyote, kilichosema ZIMA UMEME KUKIWA NA HATARI. Nilikipigilia mwenyewe kwa misumari minne. Nilikivuta kwa kucha hadi kikang'oka, nikazima. Mashine ikanyamaza, lakini matambara chini ya mota yalikuwa yameshaanza kutoa moshi, kisha moto.

Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa umefungiwa ofisini kwa bosi, ndani ya kabati la vioo. Ufunguo alikuwa nao yeye stendi. Fundi rangi akavuta makopo ya tina hadi nje, mama wa uji akachota mchanga kwa ndoo yake kutoka kwa jirani aliyekuwa anajenga, nami nikamwaga. Ndoo ya tano ndiyo iliyomaliza moto. Nyusi zangu za upande mmoja ziliungua.

Tangi bado lilikuwa limejaa, wala hakuna aliyethubutu kulisogelea. Tulitoka wote tukakaa ng'ambo ya barabara. Kilichotuokoa ni mpira wa upepo uliokuwa unavuja kwenye maungio, ule niliouandika kwenye fomu kama kasoro pekee ya gereji. Ulivuja polepole hadi tangi likaisha upepo.

Bosi na mkaguzi walitukuta hapo barabarani na maovaroli yetu mapya, yamejaa masizi. Bosi alianza kueleza kwamba ni mazoezi. Mkaguzi, mzee mmoja asiye na maneno mengi, aliingia, akaigusa valvu kwa ukucha, akatoka na fomu yangu mkononi. Akauliza nani ameweka sahihi. Bosi akatazama kofia yake.

"Ni mimi," nikasema. "Niliandika bila kuijaribu. Aliyegundua ni huyu mama."

Sikulia, ila nilikuwa karibu. Mkaguzi akamwambia bosi gereji inafungwa hadi kompresa ijengewe chumba chake, mbali na rangi. Halafu akanipa fomu tupu, akaniambia nizunguke tena, nishike kila kifaa kwa mkono, niandike nilichokiona. Ukurasa ule mmoja ulinichukua hadi saa kumi jioni, na mwandiko wake ulikuwa mbaya kuliko wote niliowahi kuandika.