Miezi Niliyojenga Bweni Nililolichoma

Nilikuwa kidato cha tatu, umri wangu miaka kumi na sita, nilipochoma bweni la shule yetu karibu na Ndhiwa. Nimeanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu nilizoea kusema "bweni lilipoungua", kana kwamba lilijiwasha lenyewe. Tulikuwa watatu. Wenzangu walileta petroli kwenye chupa ya soda, kiberiti kilikuwa changu.

Sababu yetu nikiitamka leo inanitia haya. Mwalimu mkuu alikuwa amefuta safari ya timu ya mpira kwenda Homa Bay, mitihani ya majaribio ilikuwa inakaribia, na tulikuwa tumesikia kwamba shule fulani ilifungwa baada ya moto na wanafunzi wake wako makwao wanakula na kulala. Nasi tulitaka kwenda nyumbani. Basi. Mimi nilikuwa Mkuria peke yangu darasani, na nilitamani Kegonga, ng'ombe wa baba, na baridi ya asubuhi ya kwetu ambayo kule Ndhiwa haipo.

Tulichagua Jumapili, wakati shule nzima iko ibadani, tukijua bweni litakuwa tupu. Halikuwa tupu. Mtoto wa kidato cha kwanza alikuwa amelala kitanda cha mwisho, ana malaria, amejifunika shuka hadi kichwani. Hatukuangalia. Tuliwasha godoro lililokuwa karibu na mlango, tukakimbilia nyuma ya vyoo.

Mpishi ndiye aliyesikia mtu akikohoa. Alivunja dirisha kwa ule mwiko mrefu wa kusongea ugali wa shule, akamvuta yule mtoto nje. Nilimwona amekaa kwenye nyasi, anatetemeka, macho yake juu ya paa lililokuwa linaanza kuanguka. Hakuwa ameungua. Alikuwa anasema neno moja tu tena na tena: "Sanduku yangu. Sanduku yangu." Nikadhani analilia nguo na vitabu.

Kabla ya jua kutua polisi walikuwa wametupata, maana aliyetuuzia petroli alitukumbuka vizuri. Baba alifika kituoni kesho yake mchana, viatu vyake vya mpira, gambuti, bado vina tope la shamba. Mimi na yeye tuliongea Kikuria siku zote. Siku hiyo, mbele ya maafisa, alilazimika kuongea Kiswahili, na Kiswahili kile kilimfanya aonekane mdogo.

"Huyu ni mtoto yangu," aliwaambia. "Kama amefanya, amefanya. Lakini ni yangu."

Kisha akanigeukia na kuniuliza kwa lugha yetu swali moja tu: kuna mtu ameungua? Nikasema hapana. Alivua kofia yake, akakaa chini pale sakafuni ingawa benchi lilikuwepo.

Nilikaa wiki kadhaa katika mahabusu ya watoto. Sitasema mengi juu ya pale. Nilijifunza kulala nimekumbatia viatu vyangu, na nilijifunza kwamba wengi tuliokuwa mle hatukuwa watu wabaya, tulikuwa watoto ambao siku fulani hakuna aliyetushika mkono. Mmoja wa wenzangu alipelekwa shule ya urekebishaji, kwa kuwa haikuwa kesi yake ya kwanza. Wa pili alikabidhiwa kwa mjomba wake aliyeishi mbali, na sikumwona tena.

Kesi yangu ilishughulikiwa na afisa wa probesheni, mwanamke mfupi aliyeendesha pikipiki mwenyewe na hakupenda kuambiwa maneno matamu. Alikwenda hadi Kegonga, akakaa jikoni kwa mama, akaongea na chifu na mwalimu wangu wa shule ya msingi. Aliporudi aliniambia, "Mama yako amenionyesha zizi ulilojenga ukiwa darasa la saba. Hukuniambia unajua kujenga." Sikujua kama lile zizi lilikuwa jambo la kusema.

Kutokana na ripoti yake hakimu aliamua niwe chini ya uangalizi miaka miwili. Nilihamishiwa shule ya kutwa, na kila Jumamosi na kila likizo nilipaswa kufanya kazi na fundi aliyepewa kandarasi ya kulijenga upya lile bweni. Baadhi ya wazazi walipinga; nilielewa kwa nini. Kilichobaki kilikuwa kupata mahali pa kunilaza, na fundi mwenyewe ndiye aliyejibu. "Mlete kwangu," alisema. Mke wake alinieleza baadaye kwamba hakuulizwa, alisikia tu habari hiyo akiwa sokoni, akarudi nyumbani ameshaamua kukasirika, akanikuta nimesimama mlangoni na mfuko wa nailoni mkononi, na hasira yote ikamwisha.

Chakula cha kwanza alichonipa kilikuwa samaki mzima. Sisi watu wa kule juu tulikuwa watu wa maziwa na nyama. Samaki mwenye kichwa na macho sikumjua. Nilimeza mfupa, nikakaribia kufa pale mezani. Yule mama alinipiga mgongoni, akanipa donge la ugali nimeze, kisha akaketi kando yangu akanionyesha kwa vidole vyake jinsi ya kuufuata uti wa mgongo polepole. "Pole pole, wuoda," alisema. Wuoda kwa Kijaluo ni mwanangu. Hakuna aliyeniita hivyo tangu siku ya moto.

Mumewe alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyekuwa mzee wa kanisa na mjuzi wa matofali. Sauti ya "sh" ilimshinda. "Sika hii kamba," alikuwa akiniambia, na mimi nikaishika. Wiki za kwanza hakunipa mwiko wa uashi. Nilichekecha mchanga, nikabeba maji, nikang'oa mabati yaliyokunjamana kwa moto, nikakwangua masizi kwenye kuta ambazo bado zilikuwa imara. Masizi yale yaliingia kucha, yaliingia pua. Wanafunzi waliokuwa wakipita walijifanya wanawasha kiberiti hewani, kisha wanacheka. Siku moja nilitupa karai chini nikamwambia fundi siwezi tena.

Aliendelea kupima ukuta wake. "Hao wamelala kwa darasa, chini, mwezi ya tatu sasa," alisema. "Wacha wacheke."

Niliokota karai.

Naikumbuka ile miezi kwa hamu ambayo huwa naona aibu kuikiri. Nani anaikumbuka adhabu yake hivyo? Lakini nikisikia harufu ya saruji iliyotoka kumwagiwa maji, ni kule inakonirudisha: redio ndogo ya fundi ikicheza nyimbo za Kijaluo, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe kwenye bakuli la plastiki, na sisi wawili tukiwa tumekaa kivulini mwa ukuta tuliouinua wenyewe asubuhi ile. Aliponipa mwiko hatimaye, safu yangu ya kwanza ilipinda. Aliisukuma kwa mguu ikaanguka. Ya pili pia. Ya tatu aliiwekea pima maji, akaangalia kipovu cha ndani yake muda mrefu, akaenda zake kuchanganya saruji. Nilijua imesimama. Furaha niliyoipata siku hiyo sikuwa nimewahi kuipata darasani.

Afisa wa probesheni alikuja kila baada ya wiki mbili. Alikaa juu ya rundo la matofali na helmeti yake magotini, akaniuliza maswali madogo: umekula nini, umeongea na nani, umemwandikia mama? Halafu siku moja akauliza, "Na yule mtoto?"

"Mtoto gani?" nilisema, ingawa nilijua.

"Aliyekuwa ndani."

Nilimwambia naogopa. Akasema hata yule mtoto anaogopa, tena alikuwa ameshakataa mara mbili kukutana nami. Mara ya tatu alikubali. Tulikutanishwa ofisini kwa mwalimu wa ushauri, mbele ya afisa. Alikuwa mdogo kuliko nilivyokumbuka, shati la shule linampwaya. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa maneno mengi. Nikaanza, akanikatiza.

"Mimi sitaki pole yako. Nataka ujue kilichokuwa ndani ya sanduku."

"Niambie," nilisema.

"Leso ya mama. Na karatasi ya mazishi yake, ile ya programu, yenye picha. Hiyo ndiyo picha pekee nilikuwa nayo. Mimi sasa nikifunga macho simwoni vizuri."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nadhani hilo lilimkasirisha zaidi, maana aliinuka akaenda darasani.

Usiku ule sikula. Mke wa fundi aliponiuliza nimepatwa na nini, nilimweleza. Alisikiliza huku anaosha sufuria. "Mazishi huwa wanachapisha karatasi nyingi," alisema mwishowe. "Haiwezi kuwa ni yake tu."

Wazo lilitoka kwake, sikulitoa mimi. Niliomba ruhusa kwa afisa, naye akamuuliza yule mtoto kwanza kama anakubali tumtafutie karatasi nyingine, mtoto akasema tukitaka. Basi Jumamosi moja mimi na fundi tulisafiri hadi Kisegi, alikozaliwa mama yake na alikozikwa. Bibi yake alitukaribisha bila kujua mimi ni nani, na fundi akaniangalia, na nikajua lazima niseme. Nikasema. Yule bibi aligeuza uso kuelekea ufukoni, ambako wanawake walikuwa wakianua omena, dagaa wa ziwani. Kisha akasema kwa Kijaluo, na fundi akanitafsiria: karatasi yake ililoweshwa na mvua mwaka jana, lakini twende kwa wanawake wa kanisa.

Tulizunguka nyumba kwa nyumba, bibi mbele na fimbo yake. Wengine hawakukumbuka. Mmoja alikuwa amewashia moto. Mwingine alikuwa na ukurasa wa nyimbo tu, wenye picha umepotea. Jua lilikuwa linaelekea magharibi tulipoingia kwenye nyumba ya mwimbaji mmoja wa kwaya, ambaye alikuwa amebandika magazeti na kalenda za zamani ukutani kuzuia vumbi. Bibi alisimama katikati ya sebule, akanyoosha fimbo. Pale, nyuma ya kabati la vyombo, nusu yake imefunikwa, kulikuwa na uso wa mwanamke mwenye joho la kwaya, anacheka kama aliyeambiwa asicheke.

Tulilisogeza kabati. Mwenye nyumba alilowesha kitambaa akaanza kuibandua karatasi ile kuanzia kwenye kona, na bibi, fundi, na mimi tukasogea karibu kutazama. Ilitoka na chokaa kidogo mgongoni. Ukingo mmoja ulichanika. Uso ulibaki mzima.

Sikumpelekea mimi. Niliona si haki yangu kusimama pale akiipokea, na afisa akakubaliana nami. Yeye ndiye aliyempa. Kwa wiki tatu sikusikia lolote. Kisha Jumamosi moja, saa ya chai, yule mtoto alikuja eneo la kazi na kikombe chake, akakaa juu ya matofali, mbali kidogo. Akanywa chai yake. Halafu akaonyesha kwa kidole.

"Hiyo kitu yenye maji ndani inafanyaje kazi?"

Nilimwonyesha pima maji. Kipovu kikikaa katikati, umepatia. Akajaribu kwenye matofali, kwenye beseni, kwenye kichwa cha fundi, na fundi akacheka hadi akakohoa. Jumamosi zilizofuata alikuja mara nyingi. Hatukuwahi kurudia mazungumzo ya ofisini. Sasa ni mhudumu wa afya huko Homa Bay, na mwaka jana alinitumia picha ya binti yake.

Bweni lilifunguliwa muhula wa mwisho wa mwaka uliofuata. Kulikuwa na mahema, hotuba, na mgeni wa heshima. Mimi na fundi tulikaa nyuma karibu na jiko. Hakuna aliyetutaja, na kwa upande wangu ilikuwa afadhali. Mpishi, yule yule aliyevunja dirisha, alituletea nyama kwenye sinia, akaniangalia na kusema, "Umenenepa." Baba alikuwepo pia. Alitembea ndani ya bweni peke yake, akipapasa kuta kama anavyompapasa ng'ombe anayetaka kumnunua. Alipotoka aliniuliza ni ukuta upi nilioujenga mimi. Nilimwonyesha. Alirudi ndani kuutazama tena.

Fundi alifariki miaka kadhaa iliyopita. Nilikuwa miongoni mwa waliojenga kaburi lake, na mkewe alikataa mtu mwingine yeyote kupiga plasta ila mimi.

Siku hizi nafundisha uashi katika chuo cha ufundi kule kwetu Kegonga. Yule afisa amestaafu, lakini waliomfuata wanajua njia ya kuja kwangu, na kila mwaka huniletea vijana wawili au watatu: aliyeiba ng'ombe na kumvusha hadi ng'ambo ya mpaka wa nchi, aliyevunja duka, aliyempiga mwenzake vibaya. Si wote wanaobaki. Mmoja aliondoka na vifaa vyangu vyote. Wapo wanaobaki.

Mwaka huu nina msichana wa miaka kumi na saba aliyekuwa akiiba simu sokoni. Mikono yake ni myepesi, na kwa plasta mikono myepesi ni baraka. Wiki iliyopita alisikia mahali habari zangu.

"Mwalimu, ni kweli ulichoma shule?"

"Bweni. Ni kweli."

Aliendelea kusawazisha ukuta wake. "Na walikusamehe?"

"Wengine," nilisema.

Alipitisha mwiko ukutani mara moja tena. Kisha akasema saruji inakauka, akachukua ndoo, akaenda kuteka maji.