Chura wa Sally Katika Sufuria ya Warigia

Warigia hajamsamehe Sally, na mimi sijamshauri amsamehe. Nasema mapema ili anayetaka hadithi ya watu kupatana akaitafute kwingine.

Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, hapa mtaani Jericho. Kwa miaka minane Warigia alipika katika kambi ya Wachina waliokuwa wakijenga barabara. Msimu mmoja wa baridi mamake injinia mkubwa, bibi kizee aliyeitwa Mama Chen, alikuja kumwona mwanawe, akakaa. Hakujua Kiswahili wala Kiingereza. Alimfundisha Warigia supu kwa kumpiga kofi mkononi kila alipokosea. Kuku wa kienyeji, tangawizi ya kupondwa, tende nyekundu zilizokaushwa, vitunda vyekundu vidogo kama maharagwe, na vipande vya mzizi wa manjano usioliwa, wa kutoa ladha na nguvu tu. Moto mdogo kwa muda wa saa tatu, chumvi mwisho kabisa.

Na kulikuwa na sheria moja iliyomwuma Warigia roho. Nyama ichemshwe kwanza dakika chache, kisha maji yale yamwagwe. Yote! Jaribu kumwaga maji ya kwanza ya mifupa hapa kwetu uone utakavyotukanwa. Sisi tumelelewa tukiambiwa nguvu zimo humo. Kwa hiyo kambi ilipofungwa, na Warigia akaanza kuuza supu kando ya soko kila Julai, kazi hiyo aliifanya jikoni kwake alfajiri, mlango umefungwa. Aliona haya.

Sally, tunayemwita Mama Jacky, walikuwa naye chama kimoja, kanisa moja. Warigia alimkaribisha amsaidie kibandani misimu miwili, wakala sahani moja. Msimu wa tatu Sally akafungua kibanda chake hatua ishirini kutoka hapo, tende zile zile, mizizi ile ile. Hilo Warigia angelimeza. Soko ni la wote. Lakini Sally hakutosheka. Akaanza kunong'ona kwamba katika sufuria ya Warigia mna chura. Eti kama ni kuku, mbona huanza kumpika kwa kujifungia?

Uvumi ulianza asubuhi, na kufikia saa sita ulikuwa umefika mtaa wa Umoja. Idarusi, fundi wa akala, viatu vya matairi, pale Kariokor, aliyenunua vikombe viwili kila siku, chake na cha mama mkwe wake, alikuja bila chombo.

"Mama Kabiru, sina ubaya na wewe," alimwambia Warigia, macho chini. "Lakini mimi ni Mwislamu, na nimesikia maneno."

Siku kumi na moja Warigia alirudi nyumbani na sufuria imejaa. Amepikia watu tangu ujana wake. Jina la mpishi msafi ndilo alilokuwa nalo, hana lingine. Nilimwambia tumpeleke Sally kwa mchungaji.

"Mchungaji atasema tuombe," alinijibu. "Mimi sitaki kuomba. Nataka alie."

Nikasema amina.

Siku ya kumi na mbili alibeba jiko, sufuria tupu na kuku hai mpaka sokoni. Akamwomba Junaid, muuza nyama, amchinje mbele ya watu. Akamnyonyoa, akamkatakata, akamchemsha. Povu la kijivu lilipopanda, alinyanyua sufuria akamwaga maji yote mtaroni.

"Wacha! Mathe, unamwaga supu? Umechizi?" kinyozi mmoja alipiga kelele.

"Hii si supu, ni uchafu wa damu," Warigia alisema, na alisema kwa sauti ya mkutano wa injili. "Nilikuwa naumwaga nyumbani kwa kuogopa midomo yenu. Chura wenu ndiye huyo. Sasa muulizeni Mama Jacky, yeye yake huyamwaga wapi?"

Watu wakageuka. Sally, ambaye siku zote alifika kazini sufuria ikiwa tayari motoni, hakuwa amewahi kuyaona maji hayo.

"Hata mimi humwaga," alisema. "Huko nyumbani."

Warigia akavuka, akafunua sufuria ya Sally. Povu lilikuwa limeganda ukingoni, kijivu, nene. Kinyozi aliyekuwa na bakuli la Sally mkononi akalirudisha mezani polepole. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na sijutii.

Kibanda kile kilifungwa wiki hiyo hiyo. Lakini aibu ya povu haikuwa imemfuta chura. Idarusi bado alipita mbali.

Kisha Jacky, bintiye Sally, akajifungua. Alikuwa dhaifu, anatetemeka kwa baridi, na supu ya mamake aliikataa. Alitaka ya Warigia. Sally akaja asubuhi na mapema na thamosi, leso imefunika kichwa.

"Rudi saa saba," Warigia alimwambia.

Saa saba ndipo soko hujaa. Sally alirudi, akapanga foleni. Warigia alimjazia thamosi mpaka pomoni, akachagua mapaja, kisha akashikilia kifuniko.

"Humu mna nini, Mama Jacky?"

"Supu."

"Ya nini?"

"Ya kuku."

"Idarusi yuko pale kwa Junaid. Hajasikia."

Sally akaanza kulia. "Ni kuku!" alipaza sauti. "Hakuna chura! Nilidanganya!"

Idarusi alisogea, akasimama mbele ya kibanda.

"Nipe viwili, Mama Kabiru. Na unisamehe."

Warigia alimpimia kwanza, ndipo akampa Sally kifuniko chake. "Jacky ainywe ikiwa moto, mtoto hana kosa. Na kesho uje saa hii hii, useme tena. Leo watu wa Umoja hawakuwepo."

"Mpaka lini, dadangu?"

"Mama Chen alinihesabia kwa vidole: aliyejifungua hunywa siku thelathini."

Leo ilikuwa ya tisa. Mimi sijakosa hata moja.